Shaba kwenye jani: mwongozo kamili wa kulinganisha makundi ya mimea pori ya vilima vya Katanga

Kuanzia Kolwezi, kupitia Likasi hadi Lubumbashi na kuvuka mpaka wa Zambia, kuna vilima ambavyo miti ya miombo hukoma ghafla ubavuni. Juu yake hubaki nyasi, vichaka vifupi, maua madogo madogo, na mawe yenye kijani cha malakiti, madini ya shaba. Udongo wa kawaida duniani huwa na shaba makumi machache ya miligramu kwa kila kilo. Kwenye vilima hivi kiasi hicho hupita 10,000, na kobalti nayo ni nyingi. Mamia ya spishi za mimea huishi hapo, na baadhi yake hazimei popote pengine.

Ukichuma majani ya spishi moja kileleni na mengine bondeni, kisha ukayapima, karibu kila mara utapata tofauti, na huenda ikawa kubwa mno. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba kundi la kilimani "hufyonza shaba zaidi". Huenda ni kweli, lakini namba hiyo moja imebeba mambo matatu yaliyochanganyika: vumbi lililoshikamana na jani, udongo uliolisha mzizi, na ukoo wa mmea wenyewe. Tofauti ya ukoo ndiyo peke yake inayorithiwa na mbegu. Mwongozo huu umepangwa ili kuyatenga hayo matatu, moja baada ya jingine. Mfano wangu ni shaba na kobalti za Katanga ya Juu, ila utaratibu ni huohuo kwa nikeli, zinki au kadimi.

Namba za kuwa nazo kichwani

Jani la mmea wa kawaida huwa na shaba miligramu 5 hadi 20 kwa kilo ya uzito mkavu, na kobalti isiyofika 1. Mmea huitwa mlimbikizaji mkuu ukiwa na zaidi ya 300 za shaba au za kobalti kwenye majani yake, nao uwe umekua porini kwa afya njema. Kwa nikeli kizingiti ni 1,000, zinki 3,000, manganizi 10,000. Kwa kadimi ni 100 tu.

Historia ya Katanga inafaa kujulikana kabla ya kushika mkasi. Watafiti Duvigneaud na Denaeyer-De Smet walieleza uoto wa vilima hivi mwaka 1963. Mwaka 1977 Robert Brooks alichapisha kobalti ya 10,200 mg/kg katika Haumaniastrum robertii, na mwaka uliofuata Malaisse na wenzake wakatoa katika jarida la Science shaba ya 13,700 mg/kg katika Aeolanthus biformifolius. Namba hizo zilinukuliwa kwa miongo mitatu. Kisha mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon na wenzake walirudi kwenye mimea ya ukanda huohuo, wakaosha majani kwa uangalifu kabla ya kupima, wakapata viwango vya chini sana kuliko vile vya zamani. Sehemu kubwa ya sifa ya mimea hii ilikuwa vumbi la madini lililokaa juu ya majani.

Hatua ya 1: Chagua spishi inayoishi pande zote mbili

Usianze na mmea wa kusisimua kuliko yote. Crepidorhopalon perennis inajulikana kutoka mgodi wa Étoile, karibu na Lubumbashi, basi. Huna kundi la pili la kuilinganisha nalo. Chukua spishi inayomea kwenye kilima cha shaba na pia kwenye udongo usio na shaba: Anisopappus chinensis, yenye maua ya njano, hupatikana kilimani na ndani ya miombo, Crepidorhopalon tenuis nayo huvuka mpaka huo. Haumaniastrum katangense, ua la shaba lenyewe, huota hata mahali palipokuwa na tanuru za kale za kuyeyushia shaba, kiasi kwamba wanaakiolojia wamelitumia kutafutia tanuru hizo.

Kwa uchache tafuta makundi matatu ya kwenye shaba na matatu ya nje. Ukiwa na kundi moja tu kila upande, huna namna ya kujua kama tofauti imeletwa na shaba au na jambo lolote jingine linalotenganisha sehemu hizo mbili: mwinuko, maji, kivuli, moto wa kila mwaka.

Mpaka wa kundi usiukadirie kwa macho. Kwenye migodi ya zamani ya Wales, nyasi za Agrostis hubadilika kutoka zinazostahimili shaba hadi zisizostahimili ndani ya mita chache tu, ingawa chavua inapeperuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo andika GPS ya kila mmea, siyo ya kilima kizima, na mimea iliyo ukingoni iache au iweke kundi lake.

Hatua ya 2: Ruhusa, na hatari ambayo haionekani

Karibu kila kilima kimo ndani ya eneo la kampuni ya uchimbaji. Omba ruhusa kwa mwenye leseni na kwa chifu wa eneo, na kama upo nje ya Kongo, shirikiana na taasisi ya huko. Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimefanya kazi hii kwa miaka mingi. Mbegu na sampuli zinazotoka nchini zinaingia chini ya Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida zake, pamoja na cheti cha afya ya mimea. Anza karatasi hizi mapema.

Katika baadhi ya sehemu, madini ya ukanda huu huambatana na urani. Mgodi wa Shinkolobwe ndio mfano unaojulikana. Usiingie kwenye mashimo ya wachimbaji, usile bila kunawa, na ukiwa na kipima mionzi kibebe. Vumbi la shaba na kobalti nalo si la kuvutwa puani: vaa barakoa unapochekecha udongo.

Kabla ya kupima chochote, kausha vielelezo viwili vya kila kundi, vyenye ua na mzizi, uvihifadhi kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Jina la mmea likikosewa, kazi nzima imeharibika, na Haumaniastrum zinafanana mno kwa mtu asiyezizoea.

Hatua ya 3: Kuchuma

Nenda mwisho wa masika, Machi au Aprili, mimea ikiwa imekomaa na mvua ikiwa bado inaosha majani. Kiangazi kimejaa vumbi la barabara za malori. Hata katika masika, kaa mbali na barabara na mabomba ya moshi.

Kutoka kila kundi chuma mimea 10 au zaidi, umbali wa mita kadhaa kati ya mmoja na mwingine, bila kuchagua mikubwa tu. Kwenye kila mmea chuma majani yaliyokomaa ya katikati ya shina. Majani ya chini yamerushiwa matone ya udongo na mvua. Ya juu ni machanga na hayajakusanya metali ya kutosha. Kila mmea uwe na mfuko wake wa karatasi wenye namba ya penseli, kwa sababu wino hufutika. Mahitaji ni gramu moja au mbili za majani makavu. Mmea ukiwa mdogo sana, unganisha jirani wawili au watatu na uandike hivyo.

Chini ya kila mmea uliochuma chukua udongo wa mizizi, sentimita 0 hadi 15, kama gramu 300. Usichukue udongo mmoja kwa kilima kizima: shaba inaweza kupanda mara kumi ndani ya hatua chache, na wastani wa kilima hausemi lolote kuhusu kilichokuwa kwenye mzizi ule.

Angalia vifaa vyako. Shaba nyeupe, yaani brasi yenye rangi ya njano, ni mchanganyiko wa shaba na zinki, kwa hiyo chekeche ya waya wa njano haina kazi hapa. Tumia ya nailoni. Waya na ndoo za mabati hutoa zinki. Glavu za mpira nazo zina zinki. Jembe dogo la plastiki au chuma cha pua linatosha.

Hatua ya 4: Kuosha, kazi inayoamua yote

Osha siku hiyohiyo, majani yakiwa mabichi. Yakinyauka seli hupasuka, na maji yataanza kutoa metali iliyokuwa ndani ya jani.

Tumbukiza majani kwenye maji yaliyoondolewa madini yenye sabuni laini ya maabara, kiasi cha asilimia 1, kisha yasugue polepole kwa vidole au brashi laini ya nailoni, pande zote mbili, kwa dakika moja au mbili. Suuza mara tatu, kila mara kwa maji mapya. Maji ya betri yasiyo na asidi yanafaa ukiwa mbali na maabara, mradi uchukue chupa moja kati yake ukaipime pia. Jani lenye manyoya au utomvu halitakati kabisa, na hilo uliandike, maana Haumaniastrum na Aeolanthus si majani ya kioo.

Mbinu rahisi isiyofanywa mara nyingi inavyostahili: kwa mimea mitatu ya kila kundi, gawanya majani nusu kwa nusu. Nusu moja osha, nyingine acha hivyohivyo. Zipime zote. Pengo kati ya hizo mbili ni vumbi lako, na msomaji wa ripoti yako atakuamini zaidi akiliona.

Hatua ya 5: Kukausha, kusaga, kuyeyusha

Kausha kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike, kwa kawaida siku mbili. Saga kwa kinu cha agati au kauri. Vinu vya chuma huacha chembe za chuma na kromi kwenye unga.

Nusu gramu ya unga huyeyushwa kwa asidi ya nitriki iliyo safi, katika mikrowevu ya maabara au kwenye bamba la moto chini ya kabati la kunyonya hewa. Hii haifanywi nyumbani wala jikoni. Kimiminika husomwa kwa mashine ya ICP, ambayo hupima kiasi cha kila elementi. Katika kila mkupuo weka sampuli tupu mbili zisizo na mmea, sampuli moja iliyorudiwa, na sampuli rejea inayojulikana, kwa mfano majani ya nyanya namba 1573a ya NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani. Rejea hiyo ina shaba 4.70 mg/kg, ukisoma 6, simamisha kazi utafute kosa.

Bastola ya miyale ya X inayobebwa mkononi ni nzuri kwa kuchuja mamia ya vielelezo haraka, hata vile vya zamani kwenye hebaria. Ila inasoma vumbi na jani bila kutofautisha, na kwa kobalti husumbuliwa na chuma, kwani mistari yao iko karibu. Itumie kuchagua cha kupima, halafu pima kwa ICP.

Hatua ya 6: Udongo una siri zake

Chekecha kwa tundu la milimita 2, kisha pima pH katika maji, mboji, na jumla ya shaba, kobalti, manganizi, chuma na titaniamu. Jumla peke yake inadanganya. Mzizi haunywi kila kilichomo. Shaba hushikwa kwa nguvu na mboji, kobalti hushikwa na oksidi za manganizi. Makundi mawili yanaweza kusimama juu ya kobalti sawa, moja likapata nyingi na jingine kidogo, kwa sababu tu udongo wa pili umejaa manganizi.

Ongeza basi kipimo cha sehemu inayopatikana kwa mmea: mmumunyo wa asetati ya amonia na EDTA (kemikali inayonasa metali) wa pH 4.65, uliozoeleka katika tafiti za Katanga, au kloridi ya kalsiamu ya 0.01 M (mole 0.01 kwa lita) kwa ile iliyo huru zaidi. Chagua kimoja na ushikamane nacho kwa makundi yote.

Hatua ya 7: Ondoa vumbi kwa hesabu

Mimea karibu haifyonzi titaniamu, lakini udongo umejaa. Titaniamu inayoonekana kwenye jani lililooshwa ni ushahidi wa udongo uliobaki. Hesabu ni hii:

shaba ya vumbi = (titaniamu ya jani ÷ titaniamu ya udongo) × shaba ya udongo

Tuseme jani lina titaniamu 30 mg/kg na shaba 350. Udongo wake una titaniamu 3,000 na shaba 20,000. Sehemu ya udongo kwenye jani ni 30 ÷ 3,000, yaani asilimia 1. Shaba iliyoletwa na vumbi ni 20,000 × 0.01 = 200. Shaba iliyo ndani ya jani ni 150. Mmea uliokuwa umevuka kizingiti cha ulimbikizaji umeshuka hadi nusu yake, na kilichoushusha ni asilimia moja ya uchafu.

Vumbi linaloruka ni laini kuliko udongo uliochimba, na chembe laini mara nyingi hubeba shaba zaidi. Ukiweza, pima titaniamu na shaba ya sehemu inayopita tundu dogo kabisa la chekeche lako, utumie hizo kwenye hesabu. Jani ambalo vumbi linazidi theluthi ya shaba yake mimi ningelitupa nje ya uchambuzi kuliko kulirekebisha.

Hatua ya 8: Udongo mmoja kwa wote

Mpaka hapa umeondoa vumbi na umeuelewa udongo. Bado hujui lolote kuhusu ukoo. Njia ni moja: panda mbegu za makundi yote kwenye udongo uleule.

Kusanya mbegu kwa kila mmea mama peke yake, mama 8 au zaidi kwa kundi, kila mmoja kwenye bahasha yake. Usizichanganye. Mbegu ya Crepidorhopalon ni kama vumbi lenyewe, kwa hiyo fungia bahasha ndani ya bahasha.

Mama aliyekua kwenye shaba huwapa watoto mbegu yenye shaba, au dhaifu, na tofauti hiyo inaonekana kama urithi huku si urithi. Ukiwa na muda, panda kizazi cha kwanza chote kwenye udongo wa kawaida, chukua mbegu zake, halafu ndipo ufanye jaribio. Inakula msimu mzima. Asiye na msimu huo aandike wazi kwamba alitumia mbegu za porini.

Mpangilio mdogo unaokubalika: makundi 6, udongo wa aina 2, mama 8, yaani vyungu 96. Udongo wa aina mbili unaweza kuwa wa kilimani na wa miombo, uliosafirishwa na kuchekechwa, au udongo mmoja wa kawaida uliogawanywa, nusu ikaongezwa shaba. Kwa njia ya pili, gramu 3.93 za salfeti ya shaba ya bluu hutoa gramu 1 ya shaba. Chungu cha kilo 2 chenye lengo la 500 mg/kg kinahitaji hizo 3.93. Vyungu vya kulinganishia vipe jasi ili salfeti ilingane. Mwagilia, uache udongo utulie wiki nne hadi sita, kisha pima pH upya. Shaba ya chumvi mpya ni kali kuliko ile iliyokaa kwenye udongo tangu zama, kwa hiyo 500 ya chungu isilinganishwe na 500 ya kilima.

Changanya vyungu bila mpangilio na vihamishe nafasi kila wiki. Weka sahani chini ya kila chungu ili maji ya kimoja yasifike kwa jirani. Miche ikianza kuanguka shinani kwenye udongo usio na shaba, usishangae: imewahi kuelezwa kwamba Haumaniastrum katangense hushindwa na fangasi mahali ambapo shaba haipo ya kuwazuia. Hesabu waliokufa, kwa sababu waliobaki peke yao wanatoa picha ya uongo.

Vuna kabla ya maua, osha kama mwanzo, pima jani, mzizi na uzito mkavu. Mzizi ni muhimu. Kundi lenye shaba nyingi mizizini na kidogo majanini ni mzuiaji. Lenye nyingi majanini limeipandisha kwa makusudi au limeshindwa kuizuia, na uzito wake ndio utakaokuambia ni lipi. Haumaniastrum katangense, licha ya jina lake la ua la shaba, ilipokuzwa katika hali iliyodhibitiwa ilionekana kuwa mzuiaji.

Hatua ya 9: Kusoma matokeo

Namba za metali huwa na mkia mrefu, hivyo tumia logi (logarithimu). Programu ya takwimu ya R ni ya bure na inatosha. Weka kundi na udongo kama vigezo vikuu, na mama kama kigezo cha nasibu (random effect). Idadi yako halisi kwa swali la "kilima dhidi ya miombo" ni makundi 6, siyo majani 96. Kosa hili limo kwenye makala nyingi zilizochapishwa.

Makundi yakilingana kwenye udongo mmoja, basi tofauti ya porini ilikuwa ya udongo, na hayo ni matokeo kamili yanayostahili kuandikwa. Yakitofautiana kwa kiasi kilekile kwenye udongo wote wawili, ukoo unasema. Yakitofautiana kwenye udongo mmoja tu, au yakibadilishana nafasi, ukoo na udongo vinashirikiana, na hapo chora grafu kabla ya kusema neno.

Usitangulie kuamini kwamba wa kwenye metali ndio walimbikizaji. Mfano uliochunguzwa sana ni Noccaea caerulescens, mmea mdogo wa Ulaya. Mimea kutoka Ganges, kusini mwa Ufaransa, ikikuzwa kwenye mmumunyo mmoja na ile ya Prayon, Ubelgiji, huchukua kadimi nyingi zaidi kwa mbali, huku zinki zao zikikaribiana. Na makundi ya spishi hiyohiyo yanayoishi kwenye udongo wa kawaida, yakipewa zinki sawa na yale ya migodini, huwa ndiyo yanayolimbikiza zaidi. Ukiwazia, ni jambo la haki: anayeishi penye uhaba ana sababu ya kufyonza kwa bidii, na anayeishi penye wingi ana sababu ya kubana mlango.

Tofauti hiyo ina matumizi. Huko Penga Penga, Lubumbashi, ambako moshi wa kuyeyusha shaba uliacha udongo mtupu, watafiti wamejaribu kurudisha uoto kwa nyasi ya Microchloa altera, pamoja na chokaa na mboji. Kwa kazi ya namna hiyo unatafuta kundi linaloota vizuri huku likiacha shaba mizizini, ili mbuzi wakila majani wasile madini. Ukiwa na vyungu vyako 96, panga makundi kwa uwiano wa shaba ya jani na ya mzizi, weka kando yaliyodumaa, kisha rudi kuvuna mbegu za yale yenye uwiano mdogo, bado mama kwa mama.